Mzee Randa Aranda Sauti

Mume wangu ni seremala, na mtaani wanamwita Mzee Randa. Mashine ya kuranda mbao ndiyo iliyotusomeshea binti yetu, na mashine hiyohiyo ndiyo iliyomla masikio, kidogo kidogo, huku yeye akiapa kwamba tatizo ni watu wa siku hizi wanaotafuna maneno. Nilimsukuma hospitali. Wakamwambia sauti nene anazisikia vizuri, ila zile nyembamba zimemwacha na hazirudi. Kifaa walichompa avae sikioni kikawa kinampigia filimbi, akakifungia kabatini. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia, na hilo nalo hakulisikia.

Binti yetu anaishi mbali, na ana mtoto mmoja wa kike. Mimi humwita mke mwenza, kwa sababu babu yake humwita mchumba. Kila Jumapili alasiri hutupigia kwa kompyuta iliyo mezani sebuleni, tukawaona na kuwasikia. Yaani mimi ndiye niliyekuwa nikisikia. Mtoto akisema jambo, mzee ananigeukia: "Amesema nini?" Nami namrudishia kwa sauti ya kuitia mbuzi. Nikienda jikoni, yeye huitikia kila kitu kwa tabasamu. Vizuri sana, mama. Vizuri sana.

Jumapili moja nilikuwa jikoni mtoto alipomwambia kwamba paka wake amekufa. Babu yake akacheka, akasema vizuri sana. Niliporudi nilikuta kiti cha mtoto kitupu, binti yangu ameshika shavu, na mzee bado anatabasamu.

Jumapili iliyofuata mtoto hakuja. Iliyofuata pia. Mama yake akasingizia usingizi, nikambana mpaka akasema ukweli: mtoto anasema babu hampendi. Nilimwambia mzee maneno hayo karibu kabisa na sikio lake. Alikwenda karakana, na sikusikia mashine ikiwaka.

Alianza kuhangaika peke yake. Kwenye programu ya kupigia muziki aligundua safu ya vitufe vya kusukuma juu na chini, ile wanayoita ekwalaiza, kila kitufe na sauti zake, kuanzia besi hadi zile nyembamba kabisa. Akavisukuma, nyimbo zikamkolea. Jumapili akakaa mbele ya kompyuta amenyoa ndevu kama bwana harusi. Sauti ya binti yetu ikamjia vilevile, nusunusu. Kumbe vitufe vile vilikuwa vya muziki tu, simu haikupita hapo.

Ndipo tukamwita fundi wa kompyuta, dada mmoja mpole mwenye duka hapo kona. Alimsikiliza mzee hadi mwisho, akasema anachohitaji ni ekwalaiza ya kompyuta nzima, ya kukaa mlangoni kama bawabu: wimbo, taarifa ya habari, simu, kila sauti inapita kwake kwanza. Akaiweka, akachagua ifanye kazi kwenye hedifoni, akazima kompyuta na kuiwasha upya. Kisha akamvisha mzee hedifoni, akamwachia kipanya, maana masikio ni yake, na akafungulia mtu anayesoma habari.

Mzee akafanya ambalo hata mimi ningefanya: akasukuma vitufe vyote hadi juu. Mara akavua hedifoni kwa hasira. Sauti inakwaruza, alisema, na maneno hayashikiki. Nilijua sasa atainuka aende zake. Hakuinuka. Aliitazama safu ile amefumba jicho moja, vile anavyoutazama ubao kabla ya kuugusa.

"Nimekosea," akasema. "Bonde la ubao hulijazi. Unaranda kilima."

Akarudisha vitufe vyote katikati, akaanza kushusha vile vya sauti nene, kimoja baada ya kingine, polepole, akisikiliza kila anaposhusha. Vya katikati akavipunguza kidogo. Vile vya sauti nyembamba hakuvigusa. Mwishoni akapandisha sauti nzima kwa pamoja, mkono wake ukasimama.

Nilidhani anaumwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na midomo yake ilikuwa inamfuatisha msomaji wa habari neno kwa neno.

"Anavuta pumzi," akaniambia. "Kabla hajaanza kusema, anavuta pumzi. Na karatasi, nazisikia akizifunua. Hivi vitu vilikuwepo siku zote?"

"Siku zote," nikamjibu.

Fundi akajifanya anatazama dirishani. Mimi nikaziomba hedifoni, nikazivaa, na papo hapo nikazivua. Zilinichoma masikio: sauti kali tupu, kama mtu anakwangua bati kwa kisu. Nikakaa chini. Ili mume wangu asikie ninachokisikia mimi, ilibidi sauti ipindwe kiasi kile. Miaka yote nimelala ubavuni mwake nikimtania kuwa ana kichwa kigumu, nisijue ameenda mbali namna hiyo. Niliogopa, na nilimstahi kuliko siku aliyonioa.

Jumapili ikafika. Alivaa hedifoni mapema, akakaa. Binti yetu akatokea, akambembeleza mtoto, mwishowe akamvuta mkono. Mtoto akasimama ukingoni mwa skrini, amegeukia upande, akamnong'oneza mama yake jambo. Mimi sikusikia kitu, kwa kuwa hedifoni zilikuwa masikioni mwa mzee.

Yeye aliinama mbele.

"Sitasema vizuri sana," akamwambia mtoto. "Niambie habari za paka wako."

Mtoto akageuka. Alimkazia babu yake macho, kisha akasogea, akasogea tena, hadi skrini ikajaa pua na pengo la meno ya mbele. Midomo yake ikaanza kucheza. Mzee alisikiliza bila kunigeukia hata mara moja.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana. Alikuwa analala wapi?"

Midomo ikaendelea. Mtoto alionyesha kitu kwa mikono, akafuta jicho, akaendelea tena, na uso wa mume wangu ulikuwa ukibadilika pamoja na wa mtoto. Nikashindwa kuvumilia. Nikamgusa bega.

"Amesema nini?"

Akainua kiganja, macho yakiwa palepale kwenye skrini.

"Subiri, mke wangu. Bado anaongea."