Jiwe la Mama Zuhura

Tulisafiri siku tatu kutoka Masasi hadi Kariakoo, moja nzima tukisubiri pantoni kivukoni Rufiji. Nimekumbuka utoto ule juzi, katika mji mwingine niliopita, nilipoona mawe yamepangwa bombani kuwashikia watu foleni.

Kwetu Kariakoo yalipangwa mbele ya duka la ushirika, sukari ilipoadimika. Mama na jirani yetu, Mama Zuhura, waliweka yao pamoja, wakakaa kivulini kupiga soga. Palinuka dagaa na mafuta ya taa. Alasiri moja Mama Zuhura alisimulia likizo yao Lindi, mumewe alivyofukuzwa na bata ukweni.

"Shoga, muongo wewe!" Mama alicheka hadi kanga ikamdondoka begani.

"Muulize mwenyewe! Alipanda mezani, na suruali yake mpya!" Akakohoa, akashika kifua. "Mengine kesho."

Kesho yake hakuja. Mimi nilipelekwa kushinda Ilala kwa shangazi. Niliporudi nikamuulizia.

"Amesafiri," Mama alisema, akigeuza uso.

Nikajua amerudi Lindi likizo. Basi kila foleni niliweka jiwe lake karibu na letu, asije akakosa nafasi. Watu wa nyuma, waliozoea kugombania hata hatua moja, hawakuligusa. Nilidhani wananiogopa. Kumbe wengi wao walikuwa wamemzika.

Siku tuliyohama Kariakoo moja kwa moja, nilimkabidhi jiwe lile bibi mmoja wa foleni.

"Shikamoo. Mama Zuhura akirudi, mwambie nafasi yake ipo."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, akaliweka mbele ya lake.