Dakika Saba Zaidi

Mpwa wangu anasikia kwa sikio moja. Akija kunisalimu hapa Masasi huzunguka kiti changu na kukaa upande wa kulia, ili sikio la kushoto, lile zima, liwe karibu nami. Shikamoo yake ni ya heshima kama zamani. Lakini kila nikimwona anazunguka kiti, moyo unanishtuka, kwa sababu sikio lile la pili nilishiriki kulipoteza.

Siku zile nilikuwa karani wa kupima korosho kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, na mtaani kwetu nilikuwa mmoja wa wachache wenye televisheni na deki. Nilikuwa na filamu moja ya Kizungu kwenye VCD, diski mbili. Ya kwanza ikiisha, watu walitoka kujinyoosha nami nikabadilisha. Kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, nilisimama pembeni ya televisheni nikawatafsiria.

Ilikuwa habari ya mume na mke wenye nyumba nzuri. Wanazozana mezani kuhusu chakula kilichopoa, wanaingia chumbani, mlango unafungwa. Asubuhi mke anafungasha nguo na kuondoka. Diski ya pili inaanzia anapotoka na begi, kisha yote ni mateso yake mjini, anaosha vyombo hotelini, huku mume akimtafuta na maua mkononi. Nilizoea kuwaambia wanawake wa mtaa: "Mwoneni huyu. Nyumba anayo, mume anamtafuta. Kiburi tu." Nao walimsonya yule mke. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu aondoke kwake kwa sababu ya chakula kupoa. Hata mimi sikuuliza.

Kisha DVD zikaingia, na mwenye VCD akaanza kuonekana wa zamani. Nikanunua deki mpya. Kwenye meza ya muuza CD pale stendi nikaiona filamu yangu ile ile, picha ile ile ya jalada, ila sasa diski moja tu. Nyuma waliandika kwamba hili ni toleo kamili, pamoja na idadi ya dakika. Nilipolinganisha na la kwangu, nikakuta dakika saba zimezidi. Nilifurahi kama mtu aliyeongezewa kibaba sokoni. Niliiweka bila kuifungua, nikingoja wageni wa maana.

Wageni wenyewe walikuja kwa shida. Mpwa wangu huyo, mtoto wa dada yangu, aliolewa Newala. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, kwa hiyo aliporudi na begi moja, kesi ilikuwa yangu. Yeye alimweleza mama yake, na mama yake akanieleza mimi, akipunguza njiani. Hawaelewani, alisema dada. Nilipouliza hawaelewani nini, akajibu ni mambo ya ndani. Mjomba hachokonoi mambo ya ndani ya mpwa wake, ni aibu, basi nikaishia hapo. Lalamiko moja tu ndilo lililonifikia likiwa zima: kwamba mume anafungulia redio kwa sauti kubwa mno.

Jumamosi asubuhi mume alikuja na baba yake kumchukua. Mzee yule alisema vijana wamepishana kauli, na kwamba hata sisi tulipishana na wake zetu tukazeeka nao. Tukacheka. Nami nikaongeza la kwangu: "Mtu anaacha nyumba kwa sababu ya redio? Si angeomba ipunguzwe?" Tukacheka tena. Mpwa wangu alikaa kwenye mkeka karibu na mama yake, kitenge amekivuta hadi shingoni. Nilimuuliza kama ana neno. Alijibu kwamba mama yake ameshasema. Nikatamka kwamba atarudi Newala na gari la saa kumi.

Tulikula ugali wa muhogo na kuku, na gari lilikuwa bado. Nikasema niwaonyeshe filamu, na sikuficha kwamba nataka mpwa wangu aone yanayompata mwanamke anayeondoka.

Mkwe wangu alikuwa amechangamka. "Tafsiri taratibu, mkwe," aliniambia. "Kiingereza cha baba kiliishia kwenye salamu."

"Na chako kiliishia kwenye kupiga chabo mtihani," baba yake akamjibu, na hata dada yangu akatabasamu.

Nilitafsiri meza, chakula kilichopoa, mume anayelalamika. Maneno niliyajua kwa moyo, nikawa natangulia. Nikasema, "Sasa wanakwenda kulala. Kesho atafungasha." Mlango ukafungwa. Lakini safari hii tulikuwa ndani pamoja nao.

Yule mume alivua saa yake akaiweka mezani polepole. Akaenda kwenye redio akaongeza sauti. Kisha akaanza kumpiga mkewe, hapigi usoni, anapiga sehemu ambazo nguo inafunika, na hakuwa na haraka. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu na sikuibonyeza. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile, na nilikuwa nimekisimulia mtaa mzima kwa miaka bila kujua kipo. Nilimtazama dada yangu. Alikuwa ameshika mkono wa binti yake kwa mikono miwili. Nilimtazama mkwe wangu. Alikuwa anatazama sakafu.

Mpwa wangu ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mjomba, mbona hapa hutafsiri?"

Baba mkwe wake akaniomba nizime, kuna wanawake hapa. Nikazima. Na kilichofuata ndicho ninachokijutia kuliko vyote. Nilitoa ile DVD, nikatafuta VCD ya zamani, nikaweka diski ya pili, nikaendelea pale mke anapotoka na begi. Nilisema, "Basi, akaondoka." Neno nilikuwa nimeshalitoa mbele ya wakwe, na niliona kulirudisha ni kujivunjia heshima. Saa kumi ilipofika, begi lake nililibeba mimi mwenyewe hadi kwenye gari.

Jumatatu nilikwenda stendi kumgombeza muuza CD kwa kuniuzia uchafu. Hakukasirika. Alinieleza kwamba filamu moja hutolewa namna mbili. Moja hukatwa ili wakaguzi waipitishe na hata watoto waruhusiwe kuiona, nyingine huachwa nzima bila kupelekwa kukaguliwa. VCD yangu ilitokana na iliyokatwa. Nikamuuliza kwa nini walikata pale pale.

"Panatisha, mzee," alisema. "Pakitolewa, hadithi inakwenda vizuri tu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na bado sikupanda gari kwenda Newala. Nilimgombeza muuza CD, mume sikumgombeza. Kabla ya mvua za kwanza mpwa wangu alirudi mwenyewe, kichwa kimefungwa bandeji. Safari hiyo sikumrudisha, lakini sikio lilikuwa limeshakwenda.

Juzi alikuja. Alizunguka kiti, akakaa, akauliza kama ile DVD bado ninayo. Ninayo. Akasema hajawahi kuona kile kipande cha chumbani kinavyoisha. Nikamwambia hata mimi sijawahi. Deki ya mjukuu ilikuwepo, tukaiweka, mchana, sisi wawili tu.

Mlango ulipofungwa niliinua rimoti. Akanishika kifundo cha mkono.

"Tafsiri, mjomba."

Nikamwambia hakuna cha kutafsiri, hawasemi kitu. Ni kweli, karibu dakika zote saba hakuna maneno, ni redio tu. Karibu na mwisho yule mume anainama na kusema sentensi moja. Nilimsogelea mpwa wangu kwenye sikio lake la kushoto.

"Anamwambia asilie, majirani watasikia."

Aliitikia kwa kichwa, macho hayakutoka kwenye televisheni.

"Hivyo hivyo," akasema. "Hata maneno ni hayo hayo."