Sukuma Niliyompandia Wairimu

Kuna Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku yangu ya harusi. Nilikuwa nimechuchumaa Uthiru kwa mama mkwe wangu, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, napanda miche ya sukuma wiki kando ya kaburi. Usinitazame hivyo. Ngoja nikueleze.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kidogo, simu za mkononi zilipokuwa zinaanza kuwafikia watu kama sisi, nilipoolewa na Kamau. Kamau alikuwa amefiwa na mke wake, Wairimu, kabla hawajajaliwa mtoto. Tulikaa mtaa wa Woodley, katika nyumba ile ile aliyokaa naye. Nilibadilisha mapazia, nikabadilisha vikombe, hata kitanda nikakiuza. Nikadhani nimemaliza kazi.

Lakini kila Jumamosi Kamau alienda kumwona mama yake, na huko, nyuma ya migomba, ndiko Wairimu alikozikwa. Siku ya kwanza nilipofuatana naye nilimkuta ameinama, anang'oa magugu huku anaongea. "Wairimu, mvua imekataa kabisa. Ile mabati ya jikoni nimerekebisha." Na kwa sauti gani, mwanangu! Nyumbani ukimuuliza kitu alijibu "sawa" na kufungua gazeti. Kumbe maneno yote alikuwa anamwekea marehemu. Wivu ulinishika.

"Kwani anakusikia?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. Kisha akanyoosha kidole kwenye nafasi iliyobaki wazi kando ya kaburi. "Mimi nitawekwa hapa."

Tangu hapo sikuwa na amani. Kama wafu hawajui kitu, haya, na apalilie. Lakini kama wanajua, basi Wairimu alikuwa ananiona jikoni kwake, ananiona nikivaa aproni, pengine ananicheka. Na siku moja Kamau angemfuata, waendelee na mazungumzo yao milele, na mimi nibaki wapi? Mwanamke aliye hai unaweza kumwonea wivu ukapumzika, kwa sababu utamwona akinenepa, akizeeka, akiunguza chakula. Wairimu hakuunguza chochote tena.

Nilimuuliza pasta. Akanihakikishia kwamba huko juu hakuna kuoana. "Na kuongea je?" nikamuuliza. Akatazama saa yake. Nikamuuliza mama mwenye duka la vitambaa mtaa wa Ngara, Mhindi mmoja mpole niliyekuwa nauza dukani kwake. Yeye aliniambia pengine Wairimu ameshazaliwa upya mahali fulani, saa hii yuko shule ya nasari. Loo, nilifurahi! Niliomba Mungu awe amezaliwa mbali sana, nchi ya baridi, na walimu wampe homuweki nyingi.

Furaha ile haikudumu. Jumamosi iliyofuata nikabeba miche yangu. Kwetu, mwanangu, nafasi ya kando ya kaburi la mke haiguswi. Hupandi hapo, huaniki nguo hapo, kila mtu anajua inamngoja nani. Mimi nikailima yote, nikapanda mistari iliyonyooka, nikamwagilia. Nilitaka Kamau akose pa kulala.

Sukuma ilikubali vizuri kuliko sukuma yoyote niliyowahi kupanda. Kamau aliiona. Aliacha kwenda nyuma ya migomba, na nyumbani hata lile "sawa" likaanza kupungua. Tulikula tukitazamana kama watu walio kwenye foleni ya benki. Nilikuwa nimeshinda, na mume wangu alikuwa ananiponyoka mbele ya macho yangu.

Ndipo Mami, yaani huyo mama mkwe wangu, akaniita. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa kuzungushazungusha maneno.

"Wanjiku, hii sukuma ni ya nani?"

"Ni yangu, Mami."

"Unaonea wivu mtu hata hawezi kung'oa sukuma yako?"

Nikamuuliza lile lililokuwa linanila: "Mami, anatusikia?"

Akachuma jani moja, akaligeuza. "Kanisani wananiambia amelala mpaka parapanda ilie. Baba yangu aliniambia wenye walienda wanakaa tu hapa karibu na sisi. Nimebeba hizo mbili miaka yote na sijagonjeka. Mimi sijui, Wanjiku. Lakini kama hasikii, huyo bwana yako amekuibia nini? Na kama anasikia, si hata wewe uko na mdomo? Mwambie!"

Basi nikasimama pale, nikajiona mjinga, nikasema kwa sauti, "Wairimu, mimi ni Wanjiku. Sikupendi. Vikombe vyako nilivitoa, vilikuwa vibaya. Na huyu mtu haongei na mimi."

Nikasikia kicheko nyuma yangu. Kamau alikuwa amesimama kwenye migomba, anafuta macho. Tangu Wairimu azikwe, Mami aliniambia baadaye, alikuwa hajamsikia akicheka hivyo. Siku hiyo Kamau aliniambia habari za Wairimu njia nzima tangu Uthiru mpaka Woodley: jinsi alivyougua, jinsi alivyoogopa giza. Roho iliniuma tena, lakini alikuwa ananiambia mimi.

Sukuma niliing'oa mwenyewe. Kamau naye ametutoka, na amelala pale pale. Nafasi yangu iko upande wake wa pili. Atakuwa katikati, tutaona atamgeukia nani kwanza. Bado nina wivu, sikufichi. Jumamosi nikienda kupalilia humsalimia Wairimu kabla ya Kamau, maana yeye ndiye mke mkubwa. Kama anasikia, sijui mpaka leo. Lakini nikianza kumsengenya, najikuta nimepunguza sauti.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayempenda mtu aliyezika mwenzake, usimkataze kuongea na marehemu wake. Jitambulishe huko kaburini, useme lako, hata kama ni baya. Ukimfunga mdomo asiongee na aliyekufa, hatakuwa na mdomo mwingine wa kuongea na wewe.

Mungu akupe mtu wa kukusimulia mambo yake ungali na masikio. Na siku utakapolala, akupe wa kukung'olea magugu huku anapiga soga, usikie, usisikie.