Yai la Kichocho Ambalo Sikuliona

Siku yangu ya kwanza maabara, mganga mfawidhi alinikabidhi hadubini na kuniambia, "Ramadhani, andika unachokiona, si unachokijua." Nikaitikia. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na haraka nyingi.

Kituo chetu kilikuwa upande wa Kondoa. Mkojo wenye damu tuliuzungusha kwa mashine hadi mashapo yatue, kisha katika tone moja nilitafuta yai la kichocho, lenye mwiba mkiani. Mara nyingi lilikuwepo. Nikazoea.

Ndipo Bi Zaina wa Kolo akamleta mwanawe Issa. Issa alikuwa akikojoa damu tangu utotoni, kama wajomba zake, ambao masikio yaliziba kwanza, kisha miguu ikavimba, wakafa. Kwenye kioo niliona chembe nyekundu tele, lakini yai sikuona hata moja. Nikaandika: mayai yameonekana. Alimeza dawa, akarudi mara tatu, nami nikaandika vilevile.

"Mwanangu," Bi Zaina aliniuliza, "mdudu huyu anawachaguaje wanaume wa ukoo mmoja? Kisima tunachota wote."

"Mama, wanaume ndio wanaooga mtoni." Benchi zima la wagonjwa likacheka.

"Mto wetu una maji miezi mingapi, baba?"

Nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Miaka ikapita. Daktari wa figo alikuja kutoka Dodoma mjini, akachora ukoo wa Bi Zaina kwenye karatasi. Alinieleza kuwa maradhi haya ya figo na masikio hurithiwa, na kwamba madaktari wa kale waliyatambua kwa kuwauliza watu wa familia moja, kizazi baada ya kizazi, kabla ya kuwepo kipimo chake. Alipofungua rejista yangu akaweka kidole kwenye jina la Issa.

"Mzee, haya mayai uliyaona?"

"Sikuyaona."

Hakufoka. Alifunua kurasa za nyuma, taratibu. "Na haya mengine?"

Wapwa wa Issa walipimwa mapema, wanatunzwa. Issa mwenyewe husafishwa damu kwa mashine, na hasikii tena.

Nilipostaafu nikahamia Mkonze. Hadi leo najiuliza ningegundua nini kama ningelifuata lile swali la mto. Mwaka huu nilikwenda kumwomba Issa radhi. Kwa kuwa hasikii, nilimwandikia: Sikuona yai lolote. Nilidanganya.

Alisoma mara mbili, akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, "Kumbe kuandika unajua."