Nilivyopiga picha majani mekundu ya Kasigau kwa filamu isiyojua rangi

Wakuu wa jukwaa, hamjambo huko mliko.

Nimeona uzi wa yule kijana aliyeweka picha za majani ya Ulaya yakigeuka rangi, na mkamshangilia kama amevumbua moto. Nikasema leo na mimi lazima nitoe yangu. Kwetu Taita Taveta majani pia hugeuka, ila hakuna mtu hununua tiketi ya ndege kuja kuyaona.

Hii ni ya miaka ya hamsini. Ni kweli tupu. Mkiona nimetia chumvi, ni kwenye ndovu peke yake, maana ndovu bila chumvi hanogi.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Kwanza mnijue. Mchana nilikuwa msaidizi kwenye studio ya picha hapo Voi mjini, ya Muhindi mmoja tukimwita Bwana Kanti. Jioni nilikuwa naenda shule ya watu wazima, tukisoma kwa taa ya karabai. Nilimaliza na cheti, tena nikiwa wa kwanza darasani. Darasa lenyewe lilikuwa na watu wachache sana, lakini hiyo si hoja.

Mama yangu alikuwa Kasigau, mjane, akilima shamba aliloachiwa na marehemu baba. Shamba hilo ndilo kiini cha story yote.

Sikilizeni vizuri hapa msipotee.

Kwenye shamba kulikuwa na mistari miwili ya miti ya boma. Ile miti ambayo unakata kijiti, unakichomeka ardhini, kinachipua. Mstari wa nje aliupanda babu, na ndio mpaka. Mstari wa ndani aliupanda baba baadaye, kuzuia mbuzi.

Katikati ya hiyo mistari miwili ndipo maji ya mlimani hupita yakiacha udongo mweusi. Hapo mahindi yalikuwa yanaota hadi unasikia yakikua. Kwingine kote ni changarawe. Ukimnyang'anya mama kile kipande, umemwachia mawe.

Sasa jirani yetu, Mzee Righa, alikuwa amepewa shamba la upande wa pili na mjomba wake. Akadai mpaka ni mstari wa ndani. Msimu ule wa mvua akalima mpaka hapo, akapanda. Mama akampeleka korti ya wazee.

Wazee wa zamani walikumbuka kitu kimoja tu: vijiti vya babu vilitoka mbali, upande wa Bura, na majani yake huwa mekundu mvua ikikatika. Ya baba ni ya hapo hapo, hukaa kijani hadi mwisho. Kwa hivyo mstari unaowaka ndio mpaka.

Tatizo: wakati wa mvua yote ni kijani, huwezi kutofautisha. Kiangazi kikikolea yote ni fimbo tupu. Wekundu wenyewe ni wa muda mfupi, halafu upepo unapiga, kwisha. Na korti ilikuwa huko juu milimani, barabara mbovu, hakuna mzee angeshuka hadi Kasigau kungojea majani.

Mama alikuwa ameshajaribu kupeleka majani kwa kikapu. Yakafika yamekauka, kahawia yote. Wakamwambia kwa upole, "Mama, majani huokotwa popote."

Wakampa nafasi ya mwisho. Kikao kinachofuata, aje na ushahidi wa kuonekana ama kesi ifungwe.

Basi akanitumia ujumbe Voi kupitia kwa dereva wa lori. Ujumbe ulisema hivi: wewe wa kamera, miti inaanza kuwaka, njoo.

Wakuu, nilicheka. Nikajiona mimi ndiye dawa. Nikaazima kamera kuukuu ya Bwana Kanti na miguu yake mitatu, nikapanda treni hadi Maungu.

Maungu nikakutana na askari. Hiyo ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka Mau Mau, na kijana mwenye mkoba mweusi hakupendwa. Akanifungulisha kila kitu. Akauliza naenda kupiga picha ya nini. Nikasema majani. Akauliza, majani ya chai? Nikasema hapana, ya mti tu. Akanitazama kama mgonjwa wa kichwa, akaniachilia kwa huruma.

Nikapata lori hadi Kasigau.

Nilipofika, sitadanganya, nilisahau hata kumsalimia mama. Mstari wa nje ulikuwa unawaka. Mwekundu wa pilipili iliyoiva, na nyuma yake mlima umesimama mweusi. Mstari wa ndani kijani kibichi kabisa. Hata mtu mwenye jicho moja angeona mpaka uko wapi.

Nikapiga filamu nzima. Nikamwambia mama alale usingizi, kesi imekwisha.

Nikarudi Voi, nikaingia chumba cha giza, nikasafisha.

Nilipozitoa kwenye mwanga, nilizisogeza hadi puani.

Mistari yote miwili ilikuwa kijivu. Kijivu kile kile! Wa nje kijivu, wa ndani kijivu, ungedhani ni ng'ombe wawili wa mama mmoja. Filamu zetu zilikuwa nyeusi na nyeupe, wakuu. Siku zote nilipiga watu, sura na suti, sijawahi kuhitaji kutenganisha nyekundu na kijani. Sikujua kwamba kwa filamu ile, jani jekundu na jani la kijani ni ndugu.

Nikakaa kwenye ndoo nikishika kichwa. Huko Kasigau mama amelala usingizi kwa neno langu. Na upepo haulali.

Bwana Kanti akanikuta hapo. Nikamweleza. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba tutapaka rangi. Wakati huo tulikuwa tunapaka picha rangi kwa brashi, bibi harusi anawekwa mashavu ya waridi, bwana harusi tai ya buluu. Alikuwa fundi wa kupaka, angeweza kukuwekea hadi afya.

Nikatamani, kweli. Halafu nikaona kidole cha Mzee Righa kikilowanishwa kwa mate, kikisugua ile rangi mbele ya korti. Nikakataa.

Bwana Kanti akaingia chumba cha giza, akasimama mbele ya taa yetu nyekundu. Hiyo taa ndiyo tuliyofanyia kazi, maana karatasi ya picha haiharibiki kwa mwanga mwekundu. Akafungua kile kioo chekundu cha mbele, akakipangusa kwa shati.

"Weka hii mbele ya kamera," akasema. "Nyekundu itapita, itakuwa nyeupe. Kijani itazuiwa, itakuwa nyeusi. Lakini kioo inakula mwanga, wewe acha shata, ile mlango ya mwanga, wazi, hesabu pole pole. Jani ikicheza, utapata uji."

Nikauliza kikivunjika je.

"Ikivunjika," akasema, "mimi nafunga duka, na wewe unarudi kuchunga mbuzi."

Wakuu, nimewahi kubeba mtoto mchanga, nimewahi kubeba mayai kwa baiskeli. Sijawahi kubeba kitu kwa hofu kama kile kioo. Nilikifukia ndani ya mkebe wa unga wa mahindi, na mkebe nikaupakata safari nzima ya treni. Lori likiruka shimo, mimi naruka na mkebe kifuani. Watu wakadhani nimebeba majivu ya mtu.

Nafika Kasigau, mama yuko njiani ananingoja. Hakunisalimia. Alisema tu, "Wamepita."

Nikajua ni ndovu. Walikuwa wameingia kwenye mahindi, na mmoja, mkubwa kama kanisa la Wundanyi, akapita katikati ya mstari wa babu. Miti ya upande mmoja wote imelala chini. Iliyobaki imesimama ilikuwa michache, na hiyo nayo upepo unaichuna. Kila mara ukivuma, wekundu unaondoka kama cheche.

Nikasimamisha kamera haraka. Nikafunga kioo mbele kwa kamba ya katani. Nikamwomba mama asimame kati ya mistari miwili, ili korti iione ni shamba lake na si porini popote.

Akajiangalia nguo za shamba. Akasema hapigwi picha hivyo.

"Mama, majani yanakwisha."

"Na mimi sijakwisha. Ningoje."

Akaenda nyumbani. Wakati huo upepo ukatulia kabisa. Hewa imesimama, hakuna jani linalotikisika, na mama yuko ndani anatafuta leso! Nilitaka kulia. Akarudi amejitanda leso yake ya kanisani, nyekundu tupu yenye pindo nyeusi. Mara tu aliposimama, upepo ukaanza tena.

Tukangoja.

Jua linashuka, upepo unavuma, jani moja linaanguka, mawili. Mama hakusogea. Mara moja tu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwadime, hii ikikataa, tutakula nini?" Nilijifanya naangalia kamera.

Halafu upepo ukakata. Nikafungua shata. Nikahesabu pole pole, na nikaona mama naye amezuia pumzi, mashavu yamevimba. Nikafunga. Nikapiga ya pili. Kabla ya tatu, upepo ukaja na nguvu zake zote, na yaliyobaki yakaondoka. Mstari wa babu ukawa fimbo.

Kwa hivyo ni mbili tu, na sijui kama zimetoka. Njia nzima ya kurudi Voi sikumeza kitu.

Kwanza nilirudisha kioo mahali pake, kizima. Kisha nikasafisha.

Ya kwanza, uji. Ya pili...

Anga jeusi kama masizi. Mstari wa ndani mweusi. Na mstari wa nje, ile miti michache, mweupe, unang'aa kama umewashwa kwa umeme. Bwana Kanti alinipiga begani.

Furaha yangu ilidumu hadi mlango wa korti. Ndipo nikafikiri: wazee wanataka nyekundu, na mimi nimewaletea nyeupe.

Na kweli. Mzee aliyekuwa mwenyekiti aliishika picha mbali, akaileta karibu. Akaniuliza wekundu uko wapi. Nikaeleza kioo, mwanga, filamu, nikatumia Kiingereza chote cha shule ya jioni. Nyuso zote zikawa kama ukuta. Karani akacheka. Nikaona shamba linaondoka.

Mama alikuwa amekaa nyuma. Mwenyekiti akamtazama, akatazama picha, akamtazama tena.

"Mama Mwadime, leso uliyojitanda ndiyo hii ya kwenye picha?"

"Ndiyo hiyo. Sina nyingine ya kutokea."

"Hii hapa ni nyeupe."

"Kwenye karatasi. Mwilini mnaiona."

Mwenyekiti akaweka kidole kwenye leso, nyeupe. Akapeleka kidole kwenye miti, nyeupe ile ile. Akasema, "Basi na hii ni nyekundu." Akampa Mzee Righa picha.

Nilijiandaa kwa vita. Mzee Righa alikuwa mtu wa maneno, angeweza kubishana na redio. Lakini aliiangalia ile picha kwa muda mrefu sana. Kisha akasema taratibu kwamba yeye hufanya kazi kwenye shamba la katani, anakoishi na mkewe, na likizo yake huwa ni wakati wa kupanda. Anafika mvua ikinyesha, anaondoka mvua ikinyesha.

"Sijawahi kuona hii miti ikiwa nyekundu," akasema. "Hata siku moja. Nilijua mnanitungia."

Korti ikaamua mpaka ni mstari wa babu.

Nje, Mzee Righa akamfuata mama. Nilisogea karibu, ngumi tayari, ingawa mimi na ngumi hatujawahi kuelewana. Alitaka kuuliza mahindi yake yaliyo ndani ya kile kipande, ambayo ndovu hawakuyamaliza.

Mama akamwambia, "Uliyapanda wewe, yavune wewe. Ila msimu ujao usipande na kwenda. Kaa, mpaka uone miti ikiwaka."

Msimu uliofuata aliomba ruhusa kazini, akakaa. Asubuhi moja alikuja na mkewe, wakasimama mpakani wote wawili, wakaangalia. Kisha akaja kwa mama kuomba vijiti, wakavichomeka mahali pale ndovu alipoangusha.

Nilichojifunza, wakuu: mtu anaweza kukupinga kwa moyo safi kabisa kwa sababu hajawahi kufika kwako kwa majira yanayotakiwa. Kabla ya kumwita mwizi, uliza yeye huja lini. Na ukienda kumpigia mama yako picha, mwache avae anachotaka.

Nimemaliza. Wa Kasigau, Maungu na Salaita mlioko humu, semeni kama miti ya boma yenu bado inageuka. Na wazee wenzangu mliowahi kufanya kazi chumba cha giza, karibuni mnikosoe. Ya ndovu msinibishie, alikuwa mkubwa kama kanisa.