Mama Alipowapigia Magoti Wageni

Jumapili iliyopita mume na mke kutoka ng'ambo walifika kanisani kwetu Kampala, kuangalia kama wangeweza kuhamia huku kuhubiri. Nilipiga magoti kuwasalimia, nikakumbuka harufu ya mchuzi wa karanga.

Nilikuwa mtoto, nyumbani Nsambya, wageni kama hao walipotutembelea. Mama aliwapigia magoti kuwasalimia, kama ilivyo desturi yetu wanawake. Yule mke akadhani ni maombi. Naye akapiga magoti, akafumba macho, akaomba mpaka mchuzi ukaanza kuungua.

"Inuka, Mama, unatuaibisha," nilinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Mgeni anaomba."

Hawakurudi tena. Kwa miaka mingi niliamini magoti ya mama ndiyo yaliyowafukuza.

Jumapili nilipoinuka, binti yangu alikuwa amegeukia ukuta kwa aibu. Nilimshika mkono, nikamgeuza awasalimie wageni.