Baba Nyuma ya Ua

Likizo hii nimemdharau baba yangu. Nimeliandika neno hilo wala silifuti. Mtu wa haya kama mimi ana faida moja: kwa kuwa hasemi, watu hudhani pia haoni.

Baba ni karani na mkalimani wa Boma hapa Kivinje. Watu wa Mitole hushuka na mashauri yao, wakalala mjini siku mbili, ili tu yeye afumbue mdomo amweleze Mzungu wa Boma, Bwana Shauri, walichosema. Akivaa kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi na soksi zake za magotini, hata mbuzi humpisha. Nyumbani ukikosea neno, mazungumzo yote husimama mpaka ulirudie sawasawa.

Mtu huyo, ndani ya mwezi mtukufu, ametiwa kamba na mtoto wa miaka minne.

Kila siku, kabla ya Magharibi, mama hupakua bakuli la futari, mara kunde za nazi, mara mihogo, akalifunika kwa kawa, likapelekwa kwa bibi mkunga aliyetuzalisha sote, nyumba ya nne kutoka kwetu. Kazi hiyo ilikuwa yangu, nami naichukia. Lazima upite mbele ya baraza ya wazee, uwaamkie mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na sauti yangu ikifika kwa mzee wa tatu huwa imekwisha. Basi siku mdogo wangu aliposhika bakuli na kusema atalipeleka yeye, nilimpenda ghafla.

Hakusema "mwenyewe." Hawezi. Husema "mwewe." Akitaka kuvaa kanzu bila kusaidiwa hupiga kelele "Mwewe! Mwewe!" na jirani yetu mmoja kila mara hutoka mbio kutazama vifaranga vyake.

"Mwewe!" akasema, amekumbatia bakuli.

"Mwache," mama akasema. "Sasa ni mtoto wa kutumwa."

Baba akainuka mkekani. "Hapana. Atamwagika!"

Mama alicheka mpaka akaweka upawa chini. "Mtoto hamwagiki, baba watoto. Zinazomwagika ni kunde."

Mkalimani wa Serikali! Ningekosea mimi hivyo, ningerudia mara kumi. Yeye hakujisahihisha hata kidogo. Mtoto alikuwa ameshatoka, naye akatoka kwa mlango wa uani, pindo la kanzu amelikusanya mkononi, akamfuata kwa nyuma ya nyua za watu. Alipenya kati ya ua wa makuti na choo cha jirani. Aliinama penye makuti mafupi na kunyanyuka penye marefu. Mama akanituma nikamrudishe baba, nami nikasimama kwenye kona, nimeshikwa na aibu, nikamsikia jirani akimwuliza, "Karani, umepoteza kuku?"

"Natazama ua huu," baba akajibu. "Umechakaa."

"Huo ni wangu, bwana!"

Baba alifanya hivyo siku tatu. Mimi nilimhesabia kila hatua, kwa sababu niliikumbuka siku yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja aliponipandisha lori la Dar es Salaam, na kutoka huko niende bara kwenye shule ya bweni ya wasichana. Alinikabidhi kwa mke wa karani mwenzake, akaniambia, "Soma," akageuka kurudi ofisini kabla dereva hajawasha gari. Bara zima mimi peke yangu, na hakuna aliyechungulia juu ya makuti. Huyu anavuka nyumba nne na bakuli la kunde, baba mzima anatambaa vyooni!

Siku ya nne mtoto alisikia makuti yakivunjika. Alikuwa mbele kabisa ya baraza ya wazee, nami nilikuwa pale pale konani. Akageuka, akaiona kofia ya baba, kisha akamwona baba mwenyewe. Akaliweka bakuli mchangani polepole, kama mtu anayetua kitu cha thamani, akasema kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuwa nayo:

"Baba, nenda nyumbani."

Baba akatoka nyuma ya ua, majani kofiani. "Twende pamoja tu leo."

"Nenda!" Na mtoto akakaa chini kando ya bakuli.

Kuku wakaanza kusogea. Tasbihi za wazee zikasimama. Adhana ilikuwa karibu, na bibi mkunga alikuwa akingoja kufuturu.

"Karani," mzee mmoja akasema, "shauri limekwisha. Hukumu umeisikia."

"Au tukutafutie mkalimani?" akadakia mwingine, na baraza nzima ikaangua kicheko.

Baba akayapangusa majani. Akarudi. Aliponifikia pale konani hakuonyesha kushangaa kuniona, kana kwamba mimi ni nguzo ya ua. "Mtazame wewe," akasema. "Mimi kanikataza."

Nikamtazama mtoto. Alinyanyuka, akapangusa matako, akachukua bakuli. Baada ya hatua chache aligeuka nyuma, akautazama ua pale baba alipokuwa. Akaenda. Alipofika mlangoni kwa bibi, kabla ya kubisha hodi, akageuka tena, akasimama kwa muda mrefu hivi kwamba nilidhani atalia. Kisha akaingia.

Nilimkuta baba amekaa mkekani mbele ya tende, hajagusa hata moja, na adhana imeshatoka.

"Kafika?"

"Kafika."

"Hakumwaga?"

"Hakumwaga."

Akakizungusha kikombe cha maji. Alikuwa akitafuta namna ya kuuliza, yeye ambaye kazi yake ni maneno. "Aligeuka kutazama nyuma?"

"Hata mara moja," nikasema. "Hakugeuka."

Baba akatikisa kichwa. "Alhamdulillahi. Kakua." Akachukua tende, akaila bila kunitazama, na kokwa akakaa nayo mdomoni mpaka mama akamwuliza kama jino linamwuma.

Kesho yake hakuinuka, na mpaka leo haendi tena. Mtoto hubeba bakuli lake, na akifika mwisho wa ua wetu hugeuka. Namwona kila siku. Baba yuko mkekani anangoja adhana, nami niko karibu naye kiasi cha kumnong'oneza, na simwambii.